Simu Niliyoshindwa Kuikata

Mimi ni mkorofi hewani, na kulificha hilo hapa ni kujisumbua bure. Kipindi changu huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa tatu, Jumatatu hadi Ijumaa, na kwa miaka tisa sasa watu wa Songea wamenizoea kwa jambo moja: nakata simu. Anayetumia dakika nzima kusalimia ndugu, jamaa na marafiki, namkata. Anayesoma maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine namkata pia, na huwa namjua, maana mtu akisoma hapumui mahali pake. Diwani mmoja nilimzimia kipaza sauti akiwa ameketi mbele yangu, anahutubia. Padre naye alipiga siku moja kuzungumzia vilabu vya pombe vya Lizaboni. Akaanza na kitabu cha Mwanzo, na alipofika Kutoka nikamshukuru na kumpa nafasi msikilizaji mwingine. Mke wangu hakunisemesha mpaka Jumapili.

Studio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, kimegawanywa kwa kioo. Kuta tumezibandika vipande vya godoro ili sauti za bodaboda zisiingie, na bado zinaingia. Upande wa pili wa kioo anakaa fundi mitambo, dada mmoja wa Tunduru ambaye wazazi wake wana mikorosho huko Nalasi. Yeye ndiye anayepokea simu, ananionyesha kwa vidole mtaa zinakotoka, halafu ananirushia. Nikipitisha mkono shingoni, anakata. Tumefanya kazi hivyo muda mrefu kiasi kwamba wakati mwingine anakata kabla sijainua mkono, na huwa hakosei.

Sheria zetu ni mbili. Anayepiga kulalamika halazimiki kutaja jina. Anayelalamikiwa hatajwi kama hayupo kujitetea. Mkurugenzi wetu alizibandika mlangoni kwa herufi kubwa baada ya kesi moja iliyotutoa jasho, na mimi nazisoma hewani kila Jumatatu. Watu wanatuamini kwa ajili ya ile ya kwanza. Mji wenyewe ni mdogo. Ukisema jambo la mjumbe wako asubuhi, mchana unakutana naye kwenye mashine ya kusaga.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe wangu, maana bila yeye hili ningelisahau kama nilivyosahau vipindi vingine.

Mke wangu kwao ni Matogoro, chini ya milima. Mama yake ni mjane na anaishi kwenye kiwanja cha ukoo wa marehemu mumewe, nyumba yake ikitazamana na ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye mke wangu humwita baba mdogo. Huyo ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Nyuma ya nyumba, ukishuka bondeni hadi kwenye kijito, mama alikuwa na bustani aliyoachiwa na mumewe: kabichi, maharage, na mahindi ya kuchoma wakati mji mzima hauna mahindi. Bustani ile ndiyo iliyomfanya asimwombe mtu chumvi. Tukimpelekea kitu yeye huturudisha na zaidi ya tulichompelekea, na mke wangu anapokasirika mama yake hucheka tu.

Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa umbali, kama inavyotakiwa kwetu. Hatupeani mkono, na nikimsemesha namsemesha kwa wingi, kama watu wawili. Sili mbele yake. Akiingia sebuleni mimi nahamia nje, na kofia naivua kabla sijafika mlangoni. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa sidhani kama tulikuwa tumesemezana maneno mia moja ya moja kwa moja. Mengine yote yalipitia kwa mke wangu. Kwa hiyo sikujua hata kama ananisikiliza redioni. Nilidhani anasikiliza rozari na matangazo ya vifo.

Mwaka ule maji ya kile kijito yalianza kuwa na rangi ya chai. Kaya nyingi za chini huchota pale, na wengine wana mradi wao mdogo wa bomba unaoanzia huko juu. Watoto wakaanza kuharisha. Simu zikaanza kuja kutoka Lizaboni, kutoka Mfaranyaki, kila mtu na lake: wengine wanawalaumu wakulima wa bondeni, wengine wanailaumu serikali, mmoja aliwalaumu nyani. Nikamwalika studio afisa wa mazingira, kijana mpole mwenye faili kubwa, akaeleza kwamba sheria hairuhusu shughuli yoyote ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Kilimo hakiruhusiwi, tanuri la matofali haliruhusiwi, hata banda la nguruwe. Nikaipenda ile mita sitini. Kwa wiki mbili niliirudia kila asubuhi mpaka fundi mitambo akawa anaitamka nami kwa midomo tu, nyuma ya kioo, kunikejeli.

Jambo moja nikiri mapema. Nilijua kwamba baba mdogo anafyatua matofali. Nilijua na sikuuliza anafyatulia wapi. Matogoro wanaofyatua ni wengi, nikajiambia, na mimi ni mkwe tu, siendi kukagua mali za watu. Huo ulikuwa woga, na niliuvalisha heshima.

Kilichoniudhi ni kwamba hakuna hata simu moja iliyotoka Matogoro yenyewe. Wanaokaa kando ya mto walinyamaza. Siku ya Jumatano uvumilivu ukaniishia. Nikasema hewani kwamba watu wa Matogoro wana midomo wakiwa jikoni tu, kwamba wanamjua anayeharibu maji na wanamwamkia kila asubuhi, na kama wanamwogopa kiasi hicho basi waendelee kunywa tope lao bila kutusumbua. Nilijisikia vizuri nilipomaliza. Fundi mitambo aliweka muziki bila kunitazama.

Alhamisi, kama saa mbili na robo, akanionyesha vidole: Matogoro. Halafu akainua bega, maana yake hakutaja jina. Nikasema karibu, uko hewani, nenda moja kwa moja kwenye hoja.

"Haloo," sauti ikasema. "Ni mimi msikilizaji."

Nilimtambua kwenye lile haloo. Nimesimulia mara nyingi kilichofuata na watu hucheka, nami hucheka nao, lakini pale sikucheka. Mkono wangu ulikwenda kichwani na kuvua kofia. Nikasimama. Waya wa hedifoni ukanivuta shingo, nikabaki nimejikunja nusu, si wima wala si chini, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Kisha nikasema kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kwenye kituo kile:

"Shikamoo, mama. Mmeamkaje?"

Akaitikia marahaba, akasema wameamka salama. Halafu akaanza. Alisema jana amesikia kwamba watu wa Matogoro ni waoga, kwa hiyo amepiga. Alisema matanuri yako manne, mawili yanawaka na mawili yanapangwa. Udongo unachimbwa kwenye ukingo wenyewe, mto umeanza kuhama njia yake. Kuni zinatoka juu, kwenye msitu, na zinashushwa alfajiri siku ya Jumamosi. Alieleza yote polepole, kwa mpangilio, akitaja mti gani uko wapi na mfereji umepinda wapi. Katikati alisimama kukohoa, akaomba radhi, akaendelea.

Nilipaswa kumtendea kama mtu mwingine yeyote. Nilipaswa kusema, dakika mbili zako zimekwisha, asante, mwingine. Badala yake nilikuwa naitikia ndiyo mama, sawa mama, tunawasikia mama. Muda wa matangazo ya biashara ulifika. Fundi mitambo akagonga kioo, akanionyesha saa, akapitisha mkono shingoni mwake mwenyewe. Nilitikisa kichwa kukataa. Tangazo la duka la pembejeo halikwenda asubuhi ile. Mama aliongea dakika tisa.

Mwishoni tu kazi ikanirudia kidogo, nikauliza, bila kutaja jina, kama mwenye matanuri anajulikana.

"Anajulikana," akasema. "Na sasa hivi anatusikiliza."

Akakata simu mwenyewe. Fundi mitambo aliweka muziki, akaja upande wangu, akanitazama nikiwa bado nimeshika kofia. Aliniuliza yule ni nani. Nikamwambia sheria ya kwanza iko mlangoni. Akasema, wallahi, hiyo sheria leo umeivunja bila kutaja herufi hata moja.

Sikumwelewa mpaka nilipofika sokoni mchana. Muuza dagaa aliniambia kwamba leo nimepatikana. Mwendesha bodaboda mmoja akanipigia shikamoo ya kunikejeli, amekunja magoti. Walikuwa wamefanya hesabu yao, na haikuwa ngumu: mwanamke mtu mzima, anatoka Matogoro, na yule mkorofi ameshindwa kumkata. Nimeoa wapi, mji mzima unajua. Ningemkata dakika ya pili angebaki kuwa mama mmojawapo wa Matogoro, na wako wengi. Heshima yangu ndiyo iliyomtaja.

Mke wangu alikuwa ananisubiri nyumbani, hajapika. Aliniuliza kama nina akili. Nilijitetea kwamba sikuwa na namna, kwamba yule ni mama, ningewezaje. Alisema ningeweza kwa namna ileile ninayoweza kwa mama za watu wengine. Halafu akakaa chini akalia, maana yeye alijua yale matanuri ni ya nani, na bustani ya mama iko kwenye ardhi iliyo mikononi mwa nani. Baba mdogo akitaka, mama hana pa kupanda hata mchicha. Jioni hiyohiyo simu ilikuja: kikao cha ukoo Jumapili, baada ya misa ya pili, na mkwe afike.

Nilikwenda na shati langu jeupe. Wanaume walikaa kwenye viti chini ya varanda, wanawake kwenye mikeka, mimi nikapewa kigoda karibu na mlango, mahali pa mkwe. Mkwe kwenye kikao cha ukoo hasemi mpaka aulizwe. Wiki nzima naongea na mji mzima, na pale mdomo wangu haukuwa na kazi. Mama mkwe alikaa mwisho wa mkeka, miguu ameinyoosha, anasuka ukili kama vile kilichoitiwa watu hakimhusu.

Baba mdogo si mtu mbaya. Ni lazima niseme hivyo. Aliwasomesha wawili kati ya ndugu za mke wangu kwa matofali hayohayo. Alizungumza kwa upole. Alisema amesikia ukoo wake ukivuliwa nguo redioni, naye hataki kumshuku mtu bure. Akanigeukia.

"Mkwe, yule aliyepiga simu Alhamisi ni nani?"

Nikajibu kwamba redio haimtaji aliyepiga, kwamba ndiyo sheria yetu, na kwamba hata mahakama ingeniuliza ningejibu hivyohivyo. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikia nimesema vizuri.

"Sawa," akasema. "Mimi nakusikiliza miaka yote. Padre ulimkata. Diwani ulimkata. Huyu hukumkata."

Kuna mtu alicheka kwenye mkeka, akajizuia. Nilitazama miguu yangu. Baba mdogo akaendelea kwamba kama ndani ya boma kuna mtu anayekula kutoka kwenye ardhi ya ukoo halafu anausema ukoo nje, basi ardhi ile ya bondeni irudi mikononi mwa ukoo maharage yakishatoka. Wazee wawili wakaitikia. Mke wangu alitaka kusema, shangazi yake akamshika mkono.

Mama mkwe aliweka ukili chini.

"Ni mimi," akasema. "Msimsumbue mkwe. Ila hiyo bustani hairudi kwa ukoo, wala haibaki kwangu. Nimeipima kwa hatua. Kutoka mtoni mpaka tuta langu la mwisho ni hatua hamsini na mbili, na hatua zangu ni fupi. Imo ndani ya mita sitini yote."

Mimi ndiye niliyekuwa nimezisema mita sitini kila asubuhi kwa wiki mbili, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anasikiliza huku anapima kwa miguu. Alizipima kabla ya kupiga simu. Alijua kwamba wakija kwa ajili ya matanuri watakuja na kamba, na kamba haichagui.

Baba mdogo alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli, kwa hiyo amekubali kujichoma mwenyewe ili amuunguze na yeye. Mama akasema wajukuu wa nyumba zote mbili wanakunywa maji yaleyale, na mwezi uliopita walilazwa wawili hospitali, mmoja wa kwake na mmoja wa shemeji. Alisema alimfuata mara tatu amwambie, na mara tatu aliambiwa subiri tuchome hili la mwisho. Kikao kiliisha bila sala ya kufunga.

Kamba ilikuja baada ya wiki kadhaa. Yule afisa mpole alikuja na wenzake, wakapima, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Matanuri mawili yaliyokwisha kuchomwa walimpa baba mdogo muda ahamishe matofali yake, mengine yakabomolewa. Kwa bustani ya mama walisema avune kilichopo na asipande tena. Hakubisha. Nilitangaza hewani kwamba vyanzo vya Matogoro vimepimwa, nikapokea simu za pongezi, na zile za kunisifu mimi nilizikata haraka kuliko kawaida.

Maji yalichukua muda kutulia, lakini yalitulia. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu wengine wanapenda kusikia kwamba kazi ya redio ina faida.

Mimi na mke wangu tulikwenda kumsaidia kung'oa maharage ya mwisho. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Tulipoingia uani, mke wa baba mdogo alikuwa anafagia. Alitugeuzia mgongo akaendelea kufagia alipokwisha fagia. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekatazwa kuvuka. Juma lililotangulia mjukuu mmoja alipata kipaimara, mama akapika kwa ajili ya boma zima kama alivyozoea, na chakula kikabaki. Yote hayo aliniambia mke wangu njiani, kwa sauti ya chini, huku akitazama mbele.

Bondeni tulifanya kazi kila mtu na tuta lake. Nilichagua la mbali, kwa heshima. Nilikuwa nimekaa na jambo rohoni tangu siku ya kikao, na sikutaka lipitie kwa mtu. Kwa hiyo nilivua kofia, nikasogea hadi hatua nne tano kutoka alipoinama, nikasema mama, naomba mnisamehe. Nimewapotezea bustani.

Alijinyoosha taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika fungu la maharage. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shamba nililitoa mwenyewe, baba," akasema. "Ndugu ndio ulionipotezea wewe."

Hakusema kwa hasira. Alilikung'uta lile fungu kuondoa udongo, akaliweka kwenye lundo, akainama tena. Mke wangu alikuwa amesikia; aliacha kung'oa kidogo, kisha akaendelea. Nilirudi kwenye tuta langu, maana lilikuwa bado nusu, na kule juu nyumba ya baba mdogo walikuwa wameshafunga dirisha linalotazama bondeni.